Fundi Kioo na Kiteremko cha Ghorofa Tisa

Ukitaka kumuudhi Fundi Kioo, mwambie sakafu ni sakafu tu. Atakupandisha na kukushusha kwa macho, kisha atakuuliza kama hata nguo kwako ni nguo tu, maana anaona hiyo uliyovaa hukuichagua. Jina la Kioo alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu na yeye mwanamke peke yake, walipoona jinsi anavyopiga niru, yaani ile simenti laini inayopakwa juu ya sakafu na kusuguliwa kwa mwiko kabla haijakauka. Niru yake inang'aa mpaka ukiinama unaona pua yako. Miaka ishirini na mbili amefanya kazi hiyo akiwa amepiga magoti, na magoti yenyewe sasa yana sugu nyeusi, na asubuhi yanaanza kulalamika kabla mwenyewe hajafumbua macho.

Lakini magoti tuyaache. Kilichokuwa kikimmaliza ni binti yake.

Binti huyo walimzoea kwa jina la Njiti, kwa wembamba wake. Ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi kwenye duka la kudurufu karatasi, na jioni zote na Jumapili zote anazimalizia juu ya ubao wa magurudumu manne. Skeitibodi, wanaiita. Wanaoucheza wenyewe wanasema ubao tu, kana kwamba duniani hakuna mbao nyingine. Njiti alianza akiwa na miaka kumi na nne kwa ubao wa kuazima, akavunja kifundo cha mkono, akapona, akarudi. Akapasuka kidevu, akashonwa nyuzi tano, akarudi. Mama akaficha ubao juu ya kabati, Njiti akaupata. Akauficha kwa jirani, jirani akamrudishia mtoto mwenyewe kwa huruma. Na huyo jirani hawakusemeshana wiki mbili.

Baba mtu ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani ni mgeni anayejua ufunguo unapowekwa. Kila akipiga simu ana habari ya ajali. Huku lori limekosa breki, kule mwendesha baiskeli kaburuzwa. Hana nia mbaya, ndiyo maongezi yake. Ila akishakata simu, Fundi Kioo anabaki ameishika sikioni, anamwona Njiti katika kila ajali aliyosimuliwa.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linamuuma zaidi. Sehemu ambayo Njiti na wenzake wa ubao waliipenda kuliko zote mjini ilikuwa kiteremko cha lile jengo la ghorofa tisa, kandokando ya ngazi, kilichowekwa kwa ajili ya mikokoteni ya mizigo na watu wa viti vya magurudumu. Kina urefu wa kama mita kumi na tano, kinashuka taratibu, halafu kinaishia kwenye njia ya waenda kwa miguu, na hatua tatu tu kutoka hapo ni barabara kuu. Na sakafu ya kiteremko hicho aliipiga Fundi Kioo mwenyewe. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, akiwa na mimba ya miezi saba ya huyo huyo Njiti, tumbo limemzuia hata kuona mwiko wake. Haikuwahi kupasuka wala kuchubuka.

Njiti alijivunia sana. "Mama, niru yako haina mpinzani," alimwambia siku moja wakiwa jikoni, mmoja anamenya viazi, mwingine anakula vikiwa vibichi. "Unashuka husikii hata mlio. Wenzangu wanauliza nani aliifanya, nawaambia mama yangu. Hawaamini."

"Waambie wasiamini, halafu wahame."

Njiti alicheka. Mama hakucheka.

Miezi mitatu kabla ya siku ninayoielekea, Fundi Kioo alikuwa ng'ambo ya barabara hiyo, kabeba mfuko wa misumari, akamwona mwanawe anashuka. Njiti alikuja kwa kasi, mwili kaukunja, mikono kaitandaza, na pale chini alitakiwa akate kushoto afuate njia ya miguu. Siku hiyo alichelewa kidogo tu. Ubao ulishuka ukingo ukaingia barabarani, na lori la mchanga likafunga breki. Kati ya lori na yule mtoto ungeweza kuweka kiti kimoja, tena kile kidogo cha jikoni. Njiti aliinua mkono kumwomba dereva radhi, akauokota ubao wake, akapanda tena. Mama mtu alikaa kwenye ukingo wa mtaro, misumari imemwagika miguuni, mpaka muuza magazeti alipokuja kumuuliza kama anaumwa.

Tangu siku hiyo usingizi ukawa wa kuibia. Honi ikipigwa mtaani, anatoka mlangoni kutazama. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, anaiangalia mpaka inakata, kisha anajilaumu kwamba huenda ndiyo ilikuwa hospitali.

Ndipo wakubwa wa mji wakafungua uwanja wa ubao. Fundi Kioo alishukuru mpaka machozi. Uwanja ulikuwa na uzio, lango, mtunzaji mwenye filimbi, na kofia ngumu za kuazima zimepangwa kwenye rafu. Kulikuwa na mabakuli makubwa ya zege ya kuzunguka ndani yake, vyuma vya kutelezea, vijingazi vya kurukia. Aliingia akaikagua sakafu kwa kiganja, akakuta viungio viwili havikusawazishwa vizuri, akavisamehe. Hakuna gari. Hilo tu lilimtosha.

Njiti alikwenda siku tatu mfululizo, akarudi amenuna.

"Umekosa nini kule?" mama alimuuliza.

"Sijakosa kitu. Ndiyo shida yenyewe."

"Sema Kiswahili nikuelewe."

Njiti aliketi mezani, akaanza kueleza kwa mikono, kama kawaida yake. "Mama, kule kila kitu kimewekwa kwa ajili ya ubao. Kona imepimwa, chuma kimepakwa nta, unapanga foleni, zamu yako ikifika unapita pale pale alipopita mwenzako. Siku ya pili nikawa nimeshaujua wote. Mtaani hakuna aliyekuwekea kitu. Ngazi ni ya watu kupanda, benchi ni la wazee kukaa, wewe ndiye unayeona kwamba hapa panapitika. Kuna mlinzi anakufukuza, kuna mfuniko wa mtaro, kuna mama amebeba nyanya, vyote unavihesabu kichwani kwa wakati mmoja. Ukipita, umepita kweli."

"Na usipopita?"

"Naanguka. Hata uwanjani naanguka."

"Uwanjani hakuna lori."

Mwishowe Njiti akamwahidi mama yake kwamba Jumapili, siku ya kushinda nje kutwa, ataanzia uwanjani. Fundi Kioo aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili, ingawa alijua neno ataanzia lina mlango wa nyuma.

Wiki hiyo hiyo, kama vile amekula njama na mtu, msimamizi wa lile jengo la ghorofa tisa alimpigia simu.

"Fundi, sakafu yako inatutesa," alisema. "Mvua ikinyesha watu wanateleza. Juzi mhasibu wetu ameketi chini mbele ya wageni, na makaratasi yake yakaogelea. Na hao wa vibao ndio usiseme. Nataka unidonolee kipande cha chini, mita mbili tu, kiwe na mkwaruzo. Jumatatu nitapaka rangi ya njano watu waone."

Kudonoa ni kuipiga sakafu kwa patasi na nyundo mpaka iwe na vishimo vidogo vidogo. Mafundi hufanya hivyo wakitaka simenti mpya ishike juu ya ile ya zamani. Siku nyingine mtu angemwomba afanye hivyo kwenye ile niru, angemtukana. Safari hii moyo wake ulirukaruka. Alifikiri hivi: kila siku nasukuma toroli la zege. Toroli likiingia kwenye sakafu iliyodonolewa linakuwa zito, linapunguza mwendo, linakwama taratibu. Ubao nao una magurudumu. Njiti atashuka mara moja, ataona hapaendeki, atapachukia, atarudi zake uwanjani. Bila ugomvi, bila kufichwa kitu juu ya kabati.

Akakubali hata kabla ya kutaja ujira wake.

Jumapili alitoka alfajiri, akamwacha Njiti amelala, mguu mmoja nje ya shuka. Saa kumi na mbili alikuwa chini ya kiteremko, gunia limekunjwa chini ya magoti. Kishimo cha kwanza kilimuuma kana kwamba anajipiga mwenyewe. Cha mia hakukisikia tena. Alipiga kwa mpangilio, vishimo vya kina kimoja, umbali mmoja, kwa sababu hata kuharibu hajui kuharibu ovyo. Saa mbili na nusu alimaliza, akafagia, akamwagia maji kuondoa vumbi. Akasimama juu kidogo na kutazama. Rangi ilikuwa ile ile. Kwa mguu unasikia mkwaruzo, kwa macho huoni kitu.

Ndani ya begi alikuwa na kamba. Aliishika. Ukifunga kamba na kuweka matofali mawili, kila mtu anajua kazi imefanyika. Njiti atauliza nani kafanya, na mlinzi wa jengo atamwambia, fundi yule yule wa zamani. Akaona aibu ya kesho. Akairudisha kamba begini, akafunga zipu. Alijiambia ni siku moja tu, kesho rangi inapakwa, na mtoto leo yuko uwanjani.

Alirudi nyumbani, akaoga, akanywa chai. Chumba cha Njiti kilikuwa kitupu, ubao haupo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu alisikia njaa ya kweli. Akala mkate nusu. Halafu, kwa vile mtu aliyezoea wasiwasi hajui kukaa bila huo wasiwasi, akaona aende tu uwanjani achungulie.

Uwanja ulikuwa umejaa watoto wadogo waliovaa kofia kubwa kuliko vichwa vyao. Mtunzaji alikuwa karibu na lango, anafagia kwa bidii, anainama kila baada ya hatua mbili kuokota kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wakubwa wako wapi?"

"Leo ni mafunzo ya watoto mpaka saa saba. Wakubwa nimewaambia warudi baadaye." Aliokota tena, akamwonyesha kwenye kiganja kijiwe kidogo kama punje ya harage. "Vijiwe hivi ndivyo adui zangu. Magurudumu yao ni madogo halafu magumu, hayana upepo ndani. Gurudumu likikutana na hiki, au na kishimo cha ukubwa huu, linajifunga papo hapo. Ubao unasimama, mtu hasimami. Mtu anaendelea mbele na mwendo wake wote."

Fundi Kioo alikitazama kijiwe. Akakichukua, akakibana kati ya vidole viwili.

"Si yanapunguza mwendo kwanza?" aliuliza. "Kama toroli?"

Mtunzaji alicheka kwa adabu. "Toroli lina tairi la mpira, mama. Hili linagoma tu."

"Wamekwenda wapi?"

"Ghorofa tisa. Wamesema Jumapili magari ni machache. Wametoka sasa hivi, hata dakika kumi hazijafika. Mama, unaumwa?"

Alikuwa tayari yuko barabarani, anapiga simu. Ya Njiti iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua kwa nini haipokelewi, simu hiyo ndiyo wanayoitumia kupigana picha za video wakishuka, wameiegemeza kwenye mkoba. Akampigia msimamizi, imezimwa. Namba ya mlinzi hakuwa nayo. Ee Mungu wangu, alikuwa anasema, si kwa sauti, kwa midomo tu, ee Mungu wangu nimemfanya nini mwanangu.

Alikimbia. Wewe hujawahi kumwona mtu wa magoti yale akikimbia, na bora usione. Kwenye kona ya pili alisimamisha pikipiki, akapanda bila kuuliza nauli. Dereva akamwambia ashike vizuri, akamshika mpaka kijana wa watu akaomba apumue. Taa ikawa nyekundu. Dereva akasimama kwa heshima zake zote za Jumapili, barabara tupu pande zote. Fundi Kioo aliitazama ile taa na kuona mita mbili za vishimo, vya kina kimoja, umbali mmoja. Alikuwa amevitengeneza vizuri. Hakuna gurudumu lingeweza kupenya katikati. Na mbele ya vishimo hatua tatu, halafu barabara. Lile lori lililompa homa miezi mitatu lilikuwa limemkosa mtoto. Yeye mama hakukosea hata pigo moja.

Walipofika alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa. Vijana wanne walikuwa wamekaa kwenye ngazi za chini, migongo ukutani. Wa tano alikuwa juu kabisa ya kiteremko, mwembamba, nywele kazifunga na kitambaa, mguu mmoja juu ya ubao. Mguu wa pili ukasukuma. Mara moja, mara mbili.

Aliita, sauti ikamezwa na mlio wa pikipiki. Basi akafanya kitu pekee ambacho mwili wake unakijua bila kufundishwa. Aliingia kwenye kile kipande alichokidonoa, akapiga magoti karibu na ukingo wake wa juu, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

Njiti alikuwa katikati ya mteremko alipoona kuna mtu chini. Kisha akaona ni nani. Kufumba na kufumbua akajirusha upande wa ngazi, akadaka chuma cha kujishikia, bega likagonga nguzo, viatu vikaburuza. Ubao ulikuja peke yake. Ulifika kwenye ukingo wa vishimo, shubiri moja kutoka goti la mama, ukasimama ghafla kana kwamba umepigiliwa msumari. Mkia ukanyanyuka. Ubao mzima ukaruka ukapita juu ya bega la Fundi Kioo, ukatua katikati ya barabara, na gari la mikate likaukwepa kwa honi ndefu.

Vijana wote wanne walisimama.

Njiti alishuka ngazi ameshika bega. Aliingia barabarani, akaangalia kulia na kushoto, akauchukua ubao, akarudi. Hakwenda kwa mama yake moja kwa moja. Alichuchumaa pale ubao ulipokwama, akaweka kiganja sakafuni, akakipitisha taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mtoto wa fundi. Alikulia kwenye mifuko ya simenti.

"Vimepangwa," alisema. "Kina kimoja."

Mama mtu alikuwa bado amepiga magoti. "Asubuhi," alisema. "Walitaka watu wasiteleze. Na mimi nilitaka ushindwe kupita. Nilidhani utakwama tu, Njiti. Nilidhani ni kama toroli."

"Hujaweka alama."

"Sikuweka."

"Kamba unayo?"

"Ninayo."

Njiti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayefanya hesabu na kila akirudia anapata jibu lile lile. "Ningekufa, Mama," alisema. Hakusema kwa hasira. Heri angekuwa na hasira.

Mmoja wa wale vijana alisogea, akaikanyaga sakafu kwa ncha ya kiatu, akaguna. "Nani kaiharibu namna hii?"

"Fundi," Njiti alijibu.

Wenzake walichukua vibao vyao, wakaaga kwa sauti za chini. Fundi Kioo alifungua begi, akatoa kamba, akaifunga kutoka chuma hadi nguzo, na Njiti akatafuta matofali mawili akayaweka bila kuambiwa. Walifanya kazi hiyo vizuri pamoja, wamezoea. Ilipokwisha wakaanza kurudi nyumbani, mama mbele kidogo kwa kuwa Njiti alikataa kutangulia.

Njiani kuna njia ndefu nyuma ya shule, pana, haina gari hata moja, imetiwa zege na Fundi Kioo mwaka juzi. Njiti kila siku hupita hapo kwa ubao, husukuma mara tatu na kufika mwisho. Aliuweka ubao chini. Akaweka mguu mmoja juu yake. Kisha akabaki hivyo, anaitazama sakafu iliyo mbele yake, anaikagua hatua kwa hatua, uso umekaza, midomo imekauka. Mama yake aliujua uso huo. Alikuwa nao yeye kwa miezi mitatu. Usiku na mchana alikuwa ameomba mtoto huyu aingiwe na woga japo kidogo, na sasa alipouona alitaka kuurudisha kwa mikono yake mwenyewe na hakujua pa kuushika.

"Hapo hapana kitu, mwanangu," alimwambia. "Ni sakafu yangu, naijua. Panda tu."

Njiti alimwangalia, akaiangalia tena sakafu. Akainama, akauchukua ubao, akauweka kwapani.

"Tutembee tu," alisema.